Mzigo Chumbani kwa Bi Dobi

Bi Dobi hakupewa jina hilo kwa utani. Miaka yote ya nguvu zake aliimalizia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akisimama juu ya sakafu isiyokauka, akichemsha mashuka ya wagonjwa kwenye mapipa na kuyapindua kwa mti mrefu. Alipostaafu alirudi kijijini kwa marehemu mumewe na vitu viwili alivyovipata kazini: nyayo zilizopasuka na imani moja. Nyayo hazikupona. Imani nayo haikupona, na ndiyo iliyomletea kizaazaa hiki chote.

Imani yenyewe ilikuwa hivi: uchafu si aibu, aibu ni kuanikwa nao. Shuka likifika mikononi mwake na doa lolote lile, hakuuliza ni la nani wala limetoka wapi. Alilichovya, akalisugua, akalianika jeupe, basi. Na umaskini kwa maoni yake ulikuwa doa kama madoa mengine. Utoe, lakini usiutangaze.

Kwa hiyo siku lori la wafadhili lilipokuja kijijini mara ya kwanza na kuwapanga wazee foleni juani, wapewe mchele na blanketi huku wakipigwa picha, Bi Dobi alikunja uso tangu mwanzo hadi mwisho. Alimwona Mkunga, mama aliyewapokea duniani nusu ya watu waliosimama pale wakimtazama, akivuta mtandio kufunika uso kila kamera ilipomgeukia. Mwishowe Mkunga aliuacha mgao wake chini, akaondoka mikono mitupu. Jioni ile Bi Dobi akaubeba hadi mlangoni kwake. Hakusema nimekuletea. Alisema, "Mkunga, hebu niwekee huu mzigo hapa kwako. Kwangu panya wamezidi. Nitapitia."

Hakupitia. Mkunga alikula, akashiba, akafa miaka mingi baadaye kwa uzee wake mwenyewe na heshima yake yote.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtindo wa kikundi. Kikundi chenyewe kilikuwa cha wanawake na wanaume wachache waliojitolea kuwatunza wazee wasio na mtu wa kuwatazama. Jumatatu waliwafulia matandiko kwenye karo la zahanati, siku nyingine waliziba paa, wakachota maji, wakachanja kuni. Wafadhili walipokubali kuziacha kamera zao mjini, mizigo ikawa inakabidhiwa kikundi, na kikundi kinaifikisha kwa mtindo wa Bi Dobi. Niwekee hapa, nitapitia. Mwanachama mpya alifundishwa maneno hayo kabla hajafundishwa kukamua blanketi. Mzee alijibu tu "haya, weka pale," mzigo ukawekwa, na hakuna aliyeutaja tena.

Sasa mganga hajigangi, kila mtu anajua. Siku moja ya jua kali fundi baiskeli alisimama mlangoni kwa Bi Dobi na baiskeli iliyopakiwa hadi mgongo umepinda. Naye alikuwa mwanakikundi, mtu wa kusafirisha.

"Hodi hapa."

"Karibu mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

"Ni huu mzigo. Nesi kasema nikuwekee hapa kwako."

"Wa nani?"

Fundi baiskeli akakohoa. Huyu ni mtu anayeweza kuongea na mnyororo kutwa nzima, lakini wanadamu humshinda. Akaushusha mfuko wa mchele, akaushusha wa maharage, akapanga chini dumu la mafuta, sukari, mche wa sabuni, blanketi jipya likiwa bado limefungwa nailoni, na juu ya vyote akaweka jozi ya viatu vya mpira vyenye manyoya laini ndani. Alinong'ona kitu, au pengine alisafisha koo tu. "Tutapitia," akamalizia, akarukia baiskeli yake kama mtu aliyeiba.

Wewe unayesoma umeshaelewa. Yeye hakuelewa, na usimcheke mapema. Nyumba yake ndiyo ya kwanza ukitoka barabarani, na mara kadhaa mvua ilipokatiza safari, mizigo ya kikundi ilishawahi kulala kwake kweli kweli na kupitiwa asubuhi yake. Akaupanga vizuri chumbani, mbali na ukuta ili usishike unyevu, akaufunika shuka, akaendelea na shughuli zake.

Siku zikapita. Hakuna aliyekuja. Jumatatu akaenda karoni, akafua foronya zake, maana siku hizi kila akifika alikuta blanketi zimeshagawanywa na kwake zimebaki foronya na taulo. Alisubiri mtu aseme neno kuhusu mzigo. Nesi, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi na mwanamke wa maneno mengi, siku hiyo aliongea habari za mvua, za bei ya kiberiti, za binti yake aliyefunga ndoa. Mzigo, kimya. Kila Bi Dobi alipofungua mdomo, Nesi alimuuliza kama goti limepungua.

Ndipo mashaka yalipomwingia. Labda fundi baiskeli alimtajia jina. Labda ule mnong'ono ulikuwa jina la mtu, naye akalisikia, akaitikia, kisha likamtoka. Yalikuwa yameshamtokea mambo ya namna hiyo. Aliwahi kuacha sabuni nje mvua ikaiyeyusha yote. Aliwahi kutia chumvi sufuria moja mara mbili, tena akiwa na kijiko kile kile mkononi. Je, na hili?

Akaona amuulize Nesi waziwazi, halafu akakumbuka kikao kilichopita. Nesi alisimama akasema kuwa kazi hii ni ya kujitolea, anayechoka aseme, si aibu, wote tutachoka. Alipokuwa akisema hivyo aliwatazama wote, lakini Bi Dobi angeapa kwamba yeye alitazamwa kidogo zaidi. Sasa mtu aende kwa mwenyekiti aseme, samahani, mmenipa chakula cha mzee fulani nami nimemsahau mzee mwenyewe? Huko si kuuliza, huko ni kujitoa mwenyewe kwenye kikundi. Na akitoka kwenye kikundi atabaki nani? Mume hana, kazi hana, mwana yuko mbali. Jumatatu ndiyo ilikuwa inamsimamisha wima wiki nzima. Akaamua kunyamaza na kumtafuta mwenye mzigo kimyakimya.

Kuna jambo hapa ambalo Bi Dobi asingependa lisemwe, nami nitalisema. Alikuwa na njaa. Mwanawe alikuwa dereva wa lori, na tangu tajiri wake alipoliuza lori lile simu zake zilibaki na salamu tu, tena salamu fupi. Shamba la nyuma ya nyumba magoti yalishalikataa. Jioni alikoroga uji mwepesi ambao ungeweza kujitazama sura ndani yake, na akiulizwa alisema yeye tangu zamani ni mtu wa kula kidogo. Uongo mtupu. Waliofanya naye kazi hospitalini wangekwambia jinsi alivyokuwa akiisafisha sahani mpaka mpishi anamwongeza kwa kumwogopa. Usiku alilala chumba kimoja na mchele, maharage na sukari, akameza mate, akageukia ukutani.

Kilichomuuma lakini hakikuwa tumbo lake. Kilimuuma kuwa mahali fulani pale kijijini kuna mzee analala njaa kwa sababu ya kichwa chake yeye. Alimwona akimsubiri. Hakuwa na uso, lakini alimwona. Maharage yalipoanza kutoa vumbi la wadudu akayamwaga kwenye mkeka uani, akakaa nayo juani tangu asubuhi, akiyapepeta na kuyachambua, akimfukuza kuku wa mke wa fundi baiskeli ambaye yeye Bi Dobi aliachiwa amtunze kwa muda tangu masika. Punje zilizoruka akaziokota moja moja, akapuliza mchanga, akarudisha. Hakutia hata kiganja kimoja jikoni. Wezi wangemwona wangelia.

Kwanza alikwenda kwa Mzee Redio, ambaye hasikii vizuri na kwa hiyo redio yake husikika na kijiji kizima. Bi Dobi alikuwa na akili zake. Alijua hawezi kuuliza kama umepata mzigo, mtindo haukuruhusu. Lakini viatu vile vilikuwa vidogo, vya mtu mwenye mguu mfupi na mpana. Atafute mguu, atampata mwenyewe.

Mguu wa Mzee Redio ulikuwa mrefu kama jembe. Tena ulikuwa ndani ya viatu vya mpira vyenye manyoya, vipya.

"Umependeza, mzee," akapiga kelele.

"Nini?"

"Viatu!"

"Aa! Sivyo vyangu," Mzee Redio akajibu kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano. "Vimewekwa tu. Watapitia." Kisha akacheka peke yake kwa muda mrefu kidogo, Bi Dobi asielewe kinachochekesha.

Akaenda kwa mama mmoja mfinyanzi aliyeacha kufinyanga. Naye ana viatu. Akaenda kwa wale ndugu wawili wasiosemezana wanaoishi nyumba moja. Kila mmoja ana vyake, wamevipanga pembe tofauti za ukumbi. Nyumba baada ya nyumba Bi Dobi aliinamisha macho kwenye miguu ya watu, na nyumba baada ya nyumba akakuta wameshapewa. Alipaswa kufurahi. Badala yake alizidi kuchanganyikiwa, maana wazee wa kikundi walikuwa wanamwishia na mzigo bado upo. Njiani alirudia majina yao kwa sauti, akawa anasahau kama fulani ameshamhesabu au la, anaanza upya. Mchunga mbuzi mmoja alimpisha njia kwa heshima inayopewa watu wanaoongea peke yao.

Alibaki Mwashi.

Mwashi alijenga nyumba nyingi nzuri za watu na moja mbaya, ambayo ni yake. Alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, kwa hiyo waliitana shemeji, na kwa kuwa ni mashemeji walikuwa na ruhusa ya kuchokozana. Alimkuta ameketi kibarazani juu ya kigoda, fimbo katikati ya magoti, kaptula imefungwa kwa kamba ya katani.

"Shemeji, hodi."

"Pita. Kwani leo Jumatatu?"

"Hapana, nimekuja kukusalimu tu."

"Mbona macho yako yote yako miguuni kwangu? Unanisalimu mimi au unazisalimu kandambili zangu?"

Kandambili! Moyo wa Bi Dobi uliruka. "Wewe huna viatu vya mpira, shemeji?"

"Ninavyo. Viko ndani. Vinanitoa jasho."

Akakaa chini bila kukaribishwa. Magoti yalikuwa yamechoka na uso ukamporomoka, na kabla hajajizuia akawa ameshamweleza Mwashi kila kitu: mzigo, mnong'ono wa fundi baiskeli, jina lililopotea, sabuni iliyoyeyuka, sufuria iliyotiwa chumvi mara mbili. "Kichwa changu kinaniacha," akasema. "Kuna mtu nimemsahau, shemeji. Nimewazunguka wote. Nisaidie kufikiri, lakini Nesi asijue, atanitoa."

Mwashi alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Halafu akamtazama vizuri, akaona machozi, akaacha.

"Hivyo viatu viko wapi?"

Bi Dobi alikuwa navyo kwenye kikapu, ndicho kipimo chake alichokuwa akizunguka nacho.

"Vaa."

"Si vyangu!"

"Shemeji, vaa."

Hajawahi kuvaa kitu cha mtu maishani mwake, hata hospitalini ambako wagonjwa walisahau nguo nzuri nzuri. Akavaa kama mtu anayemridhisha mgonjwa. Mguu wake mfupi na mpana uliingia ukakaa, na yale manyoya yakazipokea nyufa za nyayo zake kana kwamba yaliambiwa zilipo. Kisha akavivua haraka.

"Kiatu kuingia mguuni si ushahidi," akasema. "Miguu ya watu inafanana."

"Nyani haoni kundule," Mwashi akasema.

"Nani nyani?"

"Mzigo ni wako, shemeji! Umewekewa. Kama unavyotuwekea sisi."

Bi Dobi alimtazama. Maneno aliyasikia yote, kila moja kwa zamu yake, lakini yalikataa kukaa pamoja. Yeye ndiye anayewekea. Anayewekea hawekewi. Tena mtu anayewekewa hajui kuwa anawekewa, ndiyo faida ya mtindo wenyewe, sasa Mwashi amejuaje kitu kama hicho?

"Wewe unajua habari za kuwekeana?" akauliza polepole.

"Ha! Hebu fikiri. Tangu lini mtu mwenye akili timamu akahifadhi mchele kwenye nyumba hii inayovuja kila pembe? Kila mwaka unaniwekea na huji kuchukua, nikuone mwanamke msahaulifu? Tunajua sote. Hata Mzee Redio anajua, na yule hajui hata mvua ikinyesha."

"Mlijua. Mbona hamkusema?"

"Tuseme nini? Mimi nilijaribu ile mara ya kwanza. Nilikuwa sijala siku hiyo wala jana yake, ukaja na mchele. Nikafungua mdomo nikushukuru, ukanikata. Ukaniambia, unanishukuru nini, mzigo wenyewe si wako. Nikaufunga mdomo. Tukasema, huyu mama anapenda hivi, basi tumwache afurahi." Mwashi akagonga fimbo chini, na ghafla hakuwa na utani tena. "Umenifanya mlinzi wa ghala, shemeji, mlinzi anayelila ghala. Unajua ilivyo kula chakula cha mtu na neno limekukwama hapa?" Akajigusa koo. "Miaka!"

Bi Dobi aliondoka bila kuaga, viatu mkononi, akapitia njia isiyo yake na kulazimika kurudi. Hakujua ashike lipi aache lipi. Alikasirika. Kisha akaona aibu kwa kukasirika, kisha akaikasirikia hiyo aibu. Kama wazee walijua siku zote, basi walikuwa wakimwigizia yeye, na yeye anawaigizia wao, kijiji kizima watu wazima wanacheza mchezo wa watoto. Mkunga je, naye alijua? Na alipofika uani akamkuta kuku wa mke wa fundi baiskeli ametaga, akasimama akimwangalia. Nani anaachiwa kuku amtunze tangu masika? Nani anaambiwa, mayai kula tu Bi Dobi, mimi shida yangu kuku? Kuku akamtazama kwa jicho moja. Hata yeye alikuwa anajua.

Tangu hapo kila kitu kikawa na sura mbili. Muuza duka aliyedai mizani yake ina kasoro na hivyo humzidishia kidogo, je, mizani ilikuwa na kasoro kweli? Mwalimu aliyemwomba amsaidie kumaliza ndizi kabla hazijaoza, zilikuwa zinaoza? Aliwaza mpaka kichwa kikauma. Mawazo yalipomfikia Nesi, na kikundi, na zile foronya za kila Jumatatu, akakataa kuendelea kuwaza.

Jumatatu aliazima toroli, akapakia mzigo wote, akaanza kuusukuma kuelekea zahanati. Gurudumu lilikuwa linalia. Watu walijitokeza kumsaidia, akawakagua mmoja mmoja. "Kwani unaenda huko kweli, au unanionea huruma?" Waliokuwa wanaenda huko kweli nao wakaogopa, wakampita kwa mbali.

Nyuma ya zahanati pana karo refu la saruji na kamba za kuanikia, na mbele yake pana benchi kwenye ukumbi ambapo wazee hukaa wakipiga soga wakati matandiko yao yanafuliwa. Wafuaji huku, wafuliwa kule. Kila Jumatatu Bi Dobi alipita mbele ya benchi, akawasalimu, akaenda karoni bila kufikiri. Leo alilisimamisha toroli katikati ya uwanja na kusimama nalo. Povu likaacha kusuguliwa. Soga zikakatika.

"Nesi, mzigo huu ni wa nani?"

Nesi akajifuta mikono kwenye gauni. "Mama, si tulisema tutapi..."

"Maneno hayo niliyatunga mimi. Usiniuzie ng'ombe wangu mwenyewe."

Fundi baiskeli akainamia mnyororo ambao haukuwa na tatizo lolote. Nesi alitazama chini, akatazama karo, kisha akamtazama yeye. "Ni wako, mama."

"Nimetolewa kwenye kikundi?"

"Hapana! Nani kasema?"

"Foronya zinasema. Niambie kwa nini sipewi blanketi za kufua. Nataka ukweli, sitaki huruma."

Hili Nesi hakulitegemea. Aliachia pumzi. "Mikono yako haikamui tena, mama. Blanketi ulizokuwa unaanika zilikuwa zinachuruzika maji. Ukishaondoka tulikuwa tunazirudia."

"Tangu lini?"

"Zamani kidogo."

Zamani kidogo. Jumatatu ngapi hizo? Zote alizorudi nyumbani mgongo unauma na moyo umenyooka, akijiambia leo tumefanya kazi. Alitaka kumtukana Nesi, na alitaka kumwomba msamaha, na vyote viwili vilifika mdomoni kwa pamoja vikazibana.

"Bado sisi tunakuhitaji hapa," Nesi akasema. "Kweli tunakuhitaji. Na sasa ungetaka tufanyeje? Wewe ndiye uliyetufundisha."

Hapo ndipo Bi Dobi alipoona ubaya wa kazi yake. Alimtazama Nesi usoni, akatafuta kama lile neno "kweli" lilikuwa kweli, au nalo amewekewa tu, na hakuona. Hakuna ambaye angeweza kumwonyesha. Hivi ndivyo Mwashi na wenzake walivyokaa miaka yote?

"Nipe mkononi," akasema.

"Nini, mama?"

"Nipe mzigo wangu mkononi. Na useme kwa nini unanipa."

Nesi akasogea, akaunyanyua mfuko wa mchele kutoka kwenye toroli ambalo Bi Dobi mwenyewe alikuwa amelisukuma njia nzima, na kama kuna mtu aliona kichekesho chake hakucheka. "Tumeona unakonda," akasema polepole. "Tunajua mwanao hatumi kitu. Tunajua huli. Tumekuletea hiki, Bi Dobi, ule."

Watu wote wanasikia. Jua limewaka na watu wote wanasikia. Bi Dobi alifunga macho, akanyoosha mikono, akapokea. Uzito wa mfuko ukamvuta mbele kidogo, Nesi akausaidia kwa chini.

"Asante," akasema. Lilitoka dogo, la kukwaruza. Akalirudia ili liwe neno. "Asanteni."

Hakufa. Alishangaa kidogo kuona hakufa. Akaurudisha mfuko kwenye toroli, akakunja mikono ya gauni na kugeukia karo, kwa sababu foronya zilikuwepo na hakujua kitu kingine cha kufanya na mwili wake.

"Shemeji."

Ilikuwa sauti ya Mwashi, kutoka benchini. Alikuwa amesimama, ameegemea fimbo, na wenzake walikuwa wamebanana kushoto na kulia wakaacha nafasi katikati.

"Njoo ukae hapa."

"Nina kazi, shemeji. Ngoja nimalize hizi."

"Foronya zitangoja. Mimi kwa umri huu singoji. Kama wewe umeshasema yako, na mimi nina yangu ya siku nyingi. Kaa niiseme."

Akatazama karo. Akatazama benchi. Nesi alikuwa ameshageuka, anasugua blanketi kwa nguvu kuliko lilivyochafuka. Bi Dobi akaenda, akakaa, makalio kwenye ukingo tu kama mgeni asiye na uhakika kama ndiye aliyealikwa.

Mwashi alisema. Hakuwa msemaji. Alianza na ule mchele wa kwanza, akaeleza alivyoupika ukiwa bado na mawe, akataja blanketi la ile baridi iliyoua mbuzi, akaja kwenye paa, akasahau alikofika, akarudi kwenye mchele. Kisha akasema, "Asante, shemeji," mbele za watu, akaketi, akapumua kama mtu aliyetua gogo. Mzee Redio akazima redio. Yule mama mfinyanzi akajisogeza, wazi kuwa naye anangoja zamu.

Bi Dobi alikaa na mikono yake mapajani, asijue aitazame au aifiche. Wote walikuwa wanamtazama, wanasubiri aseme kitu. Alitafuta neno analojibu mtu aliyeshukuriwa, akalitafuta kila mahali, akalikosa. Miaka yote ile hakuwahi kulihitaji.